Uhamisho Haupo

Jumatatu, 2 Juni

Profesa ametangaza kwamba anastaafu. Alitangaza wakati wa chai, kwa sauti ile ile anayoombea sukari. Mwisho wa mwezi atamkabidhi mmoja wetu kituo cha ushauri. Mmoja wetu! Na sisi tuko wawili tu: mimi wa chumba cha kwanza, na Bi Ukimya wa chumba cha pili. Moyo ulinidunda mpaka kikombe kikalia juu ya kisahani. Nikakishika kwa mikono miwili. Kikazidi kulia.

Bi Ukimya si jina lake. Nimempa mimi, humu kwenye shajara tu. (Karani wa mapokezi naye sasa analitumia. Sijui kalipata wapi.) Mteja anaingia kwake, anakaa, na yeye hasemi kitu. Saa nzima! Mteja anatoka amelia, anashukuru, anaomba miadi nyingine. Mimi wateja wangu nawaeleza mambo mazito, kwa mifano, na mara mbili nimewachorea. Wao wanatazama saa.

Kabla ya kukabidhi, Profesa anataka semina. Jumamosi ya tarehe 14, mbele ya wageni. Kila mmoja achague dhana moja kuu ya uchanganuzi wa nafsi, aifikirie upya. Hakusema kwamba atakayeng'ara ndiye atakayerithi. Hakuhitaji kusema. Nilimwona alivyonitazama. Au alikuwa anatazama kalenda iliyo nyuma yangu.

Bi Ukimya kachagua mambo ambayo mtu huyazika moyoni. Mimi nimechagua uhamisho. Wazee wa taaluma wanasema mtu huchukua hasira au mapenzi aliyokuwa nayo kwa baba yake, akamhamishia mshauri wake. Mshauri hajakosa kitu, anakula hasira ya marehemu. Miaka mia moja na zaidi watu wamelisadiki jambo hili. Nitalibomoa kwa dakika ishirini. Uhamisho haupo!

Kifua kinabana. Nimekunywa maji. Sasa kinabana na maji ndani.

Jumanne, 3 Juni

Karani amebandika kichwa cha makala yangu kwenye ubao wa matangazo wa hospitali, maana kituo chetu kiko nyuma ya hospitali na ubao ni mmoja. Herufi kubwa: UHAMISHO HAUPO. Chini yake cheo changu na saini yangu. Neno semina halimo. Anasema karatasi ilikuwa fupi.

Saa nne muuguzi wa wadi ya watoto aliingia chumbani kwangu akanishika mikono. Alikuwa amepewa barua ya kuhamia kituo cha mbali, vyombo ameshafunga kwenye maboksi, mume kanuna wiki nzima. Akasema Mungu anizidishie. Nilitaka kumweleza kwamba huu ni uhamisho mwingine, wa hisia, kutoka kwa baba kwenda kwa mshauri. Nikaanza kumweleza. Akalia kwa furaha. Nikamwambia karibu tena.

Hadi saa sita walikuwa wamekuja saba. Mmoja kaleta machungwa.

Saa nane barua ya utawala: nijieleze kwa maandishi, ni kwa mamlaka gani nimefuta uhamisho wa watumishi wa hospitali. Mwenye kosa ni Karani, lakini siwezi kumshtaki, yeye ndiye anayepanga wateja. Nimeandika kurasa nne. Nimeieleza nadharia tangu enzi za waasisi. Nilipokuwa ukurasa wa tatu, Bi Ukimya alipita kwenye ubao na kalamu, akaongeza: wa hisia, semina Jumamosi. Maneno manne. Akarudi chumbani kwake.

Kujionyesha tu.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata hoja. Imenijia sokoni, nikiwa nimeshika nyanya.

Muuza nyanya namwita mama. Yeye ananiita baba, na ana umri wa kunizaa. Mlinzi wa kituo ananiita kaka, mimi namwita mzee, naye kazaliwa nyuma yangu. Kinyozi ni mjomba. Hakuna mtu niliyekutana naye leo ambaye sikumfanya ndugu! Kwa lugha yetu mtu hahamishi hisia kwa siri. Anahamisha hadharani, tangu asubuhi, na watu wanasema ana adabu. Kama huo ni ugonjwa, basi soko zima lilazwe.

Nilifurahi hata nikaziacha nyanya pale pale.

Lakini hoja bila ushahidi ni kelele. Ninahitaji mtu wa kumchunguza. Wateja hapana, siri zao ni amana. Amebaki mama mkwe. Anaishi nasi tangu mzee wake alipofariki, huu ni mwezi wa nne. Ni mkunga mstaafu. Humtazama mtu kama anayepima kama saa imefika au bado. Sasa: kama uhamisho upo, mjane anayeishi nyumba moja na mwanamume mmoja tu lazima amhamishie huyo mwanamume hisia za marehemu. Nikionyesha kwamba hajamhamishia chochote, nimemaliza kazi.

Nilimwomba, kwa heshima zote za mkwe, anisimulie ndoto zake. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nitakula. Akasema ndoto za mtu mzima ni zake na Mungu wake, na kwamba viazi vinapoa.

Sikula.

Alhamisi, 5 Juni

Mpango wa pili, wakati wa kwanza unasubiri.

Kiti cha wateja chumbani kwangu kina mguu mmoja mfupi, na ukikikalia kinatoa pumzi ndefu kama mtu aliyechoka nawe. Wateja wangu hukasirika upesi. Wazee wa taaluma watasema wanawakasirikia baba zao. Mimi nasema wanakikasirikia kiti! Basi nikihamishia kiti hiki chumba cha pili, na wateja wa Bi Ukimya wakaanza kukasirika, baba wa watu watakuwa wamesafishwa jina. Ni sayansi. Haina uhusiano wowote na wivu.

Saa saba, alipokwenda kula, nikakibeba. Ni kizito kuliko kinavyoonekana. Katikati ya korido nikasikia viatu vya Karani. Sikuwa na pa kukificha. Nikakikalia. Akaniuliza kama nasubiri mtu. Nikasema ndiyo. Akasema basi tutamsubiri pamoja, maana hata yeye hana kazi. Tukasubiri dakika kumi na tano. Jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Mwishowe Karani akasema huyo mtu haji, akaondoka.

Viti vimebadilishana. Kizuri kiko kwangu. Mkono wa kulia hauinuki vizuri.

Ijumaa, 6 Juni

Matokeo.

Mteja wa kwanza wa Bi Ukimya leo alikuwa mzee mstaafu wa posta. Miezi mitatu anakuja, miezi mitatu anazungumzia hali ya hewa. Alitoka akiwa analia na kucheka. Alimsimulia Karani pale mapokezi, kwa sauti ya watu wote: amekikalia kile kiti, kikayumba, kikapumua, naye akamkumbuka marehemu mama yake, aliyekuwa na kigoda chenye mguu mfupi ambacho yeye tu, kitinda mimba, ndiye aliyejua kukikalia bila kuanguka. Kaomba kiti kile kisitengenezwe.

Wateja wangu, kwenye kiti kizuri: wamekuja wanne, watatu wamelala. Mmoja alikoroma. Wa nne aliniomba nipunguze sauti.

Bi Ukimya kanipita koridoni akanitazama. Hakusema kitu. Hiyo ndiyo mbinu yake, anataka nijiseme mwenyewe! Nikamwambia hali ya hewa ni nzuri. Nikamwambia pia kwamba viti vyote hufanana. Nikamwambia kwamba mimi jana saa saba sikuwepo.

Jumapili, 8 Juni

Ushindi!

Asubuhi nilikaa mezani nikitazama mkate. Siku ya tano sasa chakula hakipiti. Mke wangu, ambaye kazi yake ni kupima macho ya watu, kanitazama mboni zote mbili akasema silali vizuri. Mama mkwe akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akasema kwa upole kwamba usiku kaota.

Nikachomoa daftari. Kaota anatembea ndani ya nyumba na mwavuli uliofunguliwa, na kila mlango anaoufikia ni mwembamba kuliko mwavuli. Mwavuli! Mlango! Nikauliza rangi. Nyeusi. Hapana, akajisahihisha, kijani. Nikauliza mimi nilikuwa wapi kwenye ndoto hiyo. Akasema hakuniona. Nikaandika na kupiga mstari: MKWE HAYUMO.

Nilipofunga daftari nikakuta nimemaliza mkate wote.

Jumanne, 10 Juni

Ndoto tano kwa siku mbili. Mama mkwe amefunguka kama bomba. Jana kaota anamzalisha mwanamke asiye na uso, na kilichozaliwa ni redio. Leo asubuhi kaota mbuzi aliyevaa miwani akimpima macho jogoo. Mke wangu akakimbilia jikoni kukohoa. Vumbi, nadhani.

Na mimi simo! Ndoto sita, mkwe hayumo hata moja! Mwanamume pekee wa nyumba, na mjane hajamhamishia hata unywele. Nimeandika kurasa kumi na mbili. Namwita Bi M., mjane, miaka sitini na minane. Hakuna atakayemtambua.

Mke wangu akaniuliza kama nimemwambia mama kwamba nitayasoma haya mbele ya watu. Nikasema nitamwambia. Akasema nimwambie leo. Nikasema kesho, leo nisiharibu mtiririko wa data. Akavua miwani yake, jambo analofanya anapotaka kutoniona vizuri. Akasema mama yake, tangu msiba, hajatoka nje ya geti hili, na hajalitaja jina la baba hata mara moja, na kama ameanza kusema chochote na mtu yeyote basi mtu huyo awe na adabu nacho.

Nilikubali kabisa. Nikaliandika lile la geti, linaweza kufaa tanbihi.

Alhamisi, 12 Juni

Sijamwambia. Alikuwa anapika. Baadaye alikuwa amemaliza kupika.

Lazima nijue makala ya Bi Ukimya inasema nini. Karani kaniambia anaifanyia mazoezi chumbani kwake saa tano. Saa tano nikaweka sikio ukutani. Ukimya. Nikaweka glasi. Ukimya mkubwa zaidi. Nikafikiri: au naye ameweka sikio upande wa pili, ananisikiliza ninavyomsikiliza? Karani akaingia bila kubisha, akanikuta, akaniuliza kama ukuta una homa.

Yule muuguzi wa wadi ya watoto ameondoka leo na maboksi yake. Nilimpungia mkono kupitia dirishani. Yeye hakunipungia.

Jumamosi, 14 Juni

Niandike yalivyotokea, bila kuongeza.

Ukumbi ulikuwa na watu arobaini. Bi Ukimya alianza. Alisema kwa dakika tisa tu. Alisema sisi tunazungumzia mambo yaliyozikwa moyoni kana kwamba aliyeyazika hajui yalipo. Lakini kaburi lililo uani watu wa nyumba hiyo hulijua. Watoto hufundishwa kulizunguka, nguo hazianikwi upande huo, mlango mpya hutobolewa upande mwingine. Pengine mtu hasahau alichokizika. Pengine kaijenga nyumba nzima ili asikikanyage. Kwa hiyo mshauri asiende na jembe. Atembee polepole na mwenye nyumba, aone wapi anapinda.

Akaketi. Watu hawakupiga makofi mara moja. Nikafurahi. Kisha wakapiga, muda mrefu.

Nikasimama mimi. Nilianza vizuri! Muuza nyanya aliwachekesha, soko zima kulazwa likawachekesha zaidi. Nikaingia kwenye jaribio la viti viwili "vilivyobadilishana nafasi." Nikafika kwa Bi M. Nikainua macho ili nipumue, na mstari wa tatu, kando ya mke wangu, kwa gauni lake la kutokea, ameketi mama mkwe. Ametoka nje ya geti! Kwa ajili yangu! Alikuwa ananiitikia kwa kichwa kunitia moyo.

Mtu mwingine angeruka kurasa. Mimi nilikuwa nimezitia namba. Nikazisoma ndoto zote sita.

Ukawa wakati wa maswali. Profesa akavua kofia yake. Hakuuliza kuhusu nadharia. Alisema tu ameona kiti cha chumba cha pili kiko chumba cha kwanza, na angependa kujua ni nani aliyekihamisha. Swali dogo. Kalisema kwa upole.

Mimi nikajibu, "Si mimi, baba. Nilikikuta hivyo hivyo."

Heri kujikwaa dole. Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya mtoto wa miaka saba. Na mikono nilikuwa nimeificha nyuma, na kidevu kifuani. Ukumbi ukacheka kutoka mbele hadi nyuma. Nikapiga meza. Nikasema mzee yeyote kwetu ni baba, hiyo ni adabu, rejeeni ukurasa wa pili! Wakazidi.

Ndipo mama mkwe akainuka. Alidhani ananiokoa.

"Msimcheke," alisema. "Zile ndoto nilizitunga mimi. Nilimwona hali chakula. Nikagundua nikimpa ndoto, anakula."

Kicheko kikakatika. Profesa akamuuliza, kwa heshima, mbona basi mkwe hayumo hata katika moja.

"Mkwe hatiwi ndotoni," akasema. "Si adabu."

Alitaka kuketi. Hakuketi. Alishika mgongo wa kiti kilicho mbele yake.

"Mimi tangu mzee wangu aondoke, sioti. Nafumba macho, nafumbua, kumekucha. Hata yeye haji. Ningekuwa na ndoto moja ya kweli, msingeisikia hapa."

Bi Ukimya akatoka kwenye kiti chake, akapita katikati ya watu, akaketi kando yake. Hakumshika, hakumwambia neno. Alikaa tu. Mke wangu alikuwa anamlilia baba yake, miwani mkononi.

Mimi nilibaki mbele na karatasi. Nilihisi kitu. Kilianzia magotini kikapanda. Nikatazama kwenye karatasi kama kimeandikwa. Hakikuandikwa.

Nikasoma hitimisho.

Jumapili, 15 Juni

Nyumba nzima inatembea kwa ncha za vidole. Mke wangu anazungumza nami kupitia vitu: anaweka sahani, inazungumza.

Mchana nikaenda kwa mama mkwe, barazani, nikapiga goti moja, nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno, yakatoka mengine. Alinisikiliza hadi mwisho. Alisema hana kinyongo. Alisema kazi yake ilikuwa kungoja. Mwaka wake wa kwanza wa ukunga aliwahi kumharakisha mama mmoja kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na hofu, na hofu yake ikamuumiza mtoto mkono. Mtoto alipona. Yeye hajasahau.

Kisha akasema, "Mwanangu, wewe huulizi. Wewe unapekua."

Ilinichoma. Nilikaa na maneno hayo kwa muda mrefu, karibu dakika nzima. Halafu nikayaandika pembeni mwa gazeti, kwa kuwa yanafaa kuwa kichwa cha sura. Nilipoinua macho, alikuwa ananitazama ninavyoandika. Akatikisa kichwa, akaniuliza kama nimekula.

Jumatatu, 16 Juni

Profesa kaniita saa mbili na nusu. Nilikuwa nimefika saa kumi na mbili na nusu, nikatembea kuzunguka jengo hadi mlinzi akaniuliza nimepoteza nini.

Kituo anapewa Bi Ukimya. Aliniambia nikiwa bado sijakaa vizuri. Sikio moja likaziba. Alisema hoja ya muuza nyanya ni nzuri kweli. Kwetu tunahamisha hisia mchana kweupe na tunaita huko kuheshimiana, na yeye katika miaka arobaini hajawahi kusikia jambo hili likisemwa vizuri hivyo. Lakini, akasema, mtu anayeita watu wote baba bado ana baba mmoja, na ni vizuri ajue anapoita ni yupi anayegeuka.

Akafungua jalada langu. Akasema kila mshauri wa kituo hiki sharti naye asikilizwe, saa moja kwa wiki, na kwamba mimi sijafanya hivyo kwa miaka sita. Nikasema nimekuwa na shughuli. Akasema kuanzia wiki ijayo nitakwenda kwa Bi Ukimya, la sivyo sitapokea wateja. Alikuwa hana hasira hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha.

Akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema, "Hapana, ba—" Nikakohoa. Nikakohoa kwa muda mrefu ili ionekane ni kikohozi tangu mwanzo.

Jumatano, 18 Juni

Mama mkwe kaanza kwenda kwa Bi Ukimya. Kila Jumatatu na Jumatano, anatembea mwenyewe hadi hospitali. Nimepoteza mtu wangu wa utafiti kwa mshindani!

Alirudi leo saa sita, akalala mchana, jambo lisilo la kawaida. Alipoamka macho yalikuwa yamevimba na uso umetulia kama maji ya mtungini. Akamwita mke wangu chumbani. Wakakaa huko. Nilisikia wakimtaja baba kwa jina, na wakicheka, na wakilia, na tena wakicheka.

Mke wangu alitoka akaniambia, kwa sauti ya kwanza isiyopitia sahani tangu Jumamosi, kwamba mama kamwota mzee. Nikauliza kaota nini. Akasema hajamwambia, na yeye hakuuliza. Nikaenda kumuuliza mwenyewe. Mara tatu. Ya tatu alinifungia mlango, bila kelele.

Alhamisi, 26 Juni

Leo saa yangu ya kwanza chumba cha pili.

Nilikwenda na mpango. Sikwenda kusikilizwa, nilikwenda kupeleleza. Nitaongea bila kukoma, nimlazimishe ajibu, na akijibu nitajua mbinu yake yote, nitaiandikia makala. Niliingia nikiwa na daftari mfukoni. Nikakaa. Akakaa. Akanyamaza. Nikasema moyoni: vita vimeanza.

Ili nimchokoze nilianza na jambo lisilo na maana, kazi ya marehemu baba yangu. Alikuwa mkaguzi wa mizani za sokoni. Alikagua kama jiwe la kilo ni kilo kweli. Nyumbani hakuwa na mizani, alitumia macho. Alikutazama ukajua umepungua. Nikamweleza Bi Ukimya, kwa kupita tu, kwamba darasa la tano nilikuwa wa pili kati ya watoto sitini, nikakimbia na ripoti hadi nyumbani, viatu mkononi ili visichakae, na baba akaisoma yote, pande zote mbili, akauliza wa kwanza ni nani. Nikamtajia. Akasema anaijua familia yake, watu wazuri. Akanirudishia karatasi. Nikasimama pale, mikono nyuma, nikingoja kama kuna kitu kingine. Nikangoja mpaka watu wa nyumbani wakaanza kuandaa meza wakanikuta nimesimama njiani.

Nadhani niliongea muda mrefu. Macho yalitoa maji. Dirisha lilikuwa wazi na hospitali inapakwa rangi. Alisogeza boksi la tishu kwa kidole kimoja, nikazitumia kwa sababu zilikuwepo. Daftari nililisahau mfukoni. Bi Ukimya hakusema neno dakika hamsini nzima, mpaka aliposema kwamba muda wetu umekwisha.

Nimetembea hadi nyumbani nikiwa mwepesi ajabu. Nimekula sahani mbili. Mama mkwe kaniongezea bila kuuliza chochote.

Sasa nimetulia, nimefikiri, na nimeelewa kilichotokea. Hakuwa na la kujibu! Nimemmiminia hoja dakika hamsini na hakuweza kunipinga hata moja. Profesa amemkabidhi kituo mtu ambaye mimi nimemnyamazisha kwa kikao kimoja. Nimemshinda.

Nimeshapiga simu kwa Karani. Nimeomba siku mbili kwa wiki, nimmalize kabisa.